Kiganja Kwenye Udongo Mbichi

Kiganja kilikuwa bado pale, kimechapika kwenye kona ya chini ya ukuta wa udongo, kidole chake cha mwisho kikiwa kimepinda tangu kilipobanwa na mlango wa kabati. Mama alipiga magoti, akakitazama bila kukigusa. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba huenda kimeshafutika. Alipokikuta kizima, moyo ulimpasuka upya.

Katika makumbusho yale ya sanaa ya kisasa, kila kitu kilikuwa cha kutazamwa tu isipokuwa ukuta huu. Ulinyunyiziwa maji kila asubuhi usikauke, na wageni waliombwa wabonyeze viganja popote wapendapo, hata juu ya vya wenzao. Ndivyo msanii alivyotaka. Mara ile walipokuja wote watatu, baba alisimama mbele ya turubai jeupe lenye doa moja jekundu, akaguna, "Hiki hata mimi ningechora."

"Sasa mbona hukuchora?" binti yake alimuuliza. Mama alicheka mpaka wageni wakageuka.

Nyumbani walimwita mtoto huyo Bibi Maswali. Homa ya siku chache ilimchukua, na nyumba ikabaki haina wa kuuliza. Picha zake zilikuwepo kwenye simu, lakini picha haina kina. Hapa ukutani mama aliona uzito wa mwanawe, jinsi alivyokaza mkono na kucheka.

Wapenzi wawili walisogea, mikono tayari. Mama akakinga kona kwa mgongo.

"Hapa pana mtu," alisema. Wakaomba radhi, wakabonyeza kwingine.

Mlinzi wa ukumbi, mwanamke wa makamo, akaja kuchuchumaa kando yake.

"Dada, umekaa hapa tangu tufungue."

"Hiki ni cha mwanangu. Amefariki."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. "Pole, dada. Pole sana."

"Hakiwezi kukatwa? Kipande tu, niondoke nacho."

"Niliwahi kumwombea mwingine, wakubwa wakakataa. Na mchana huu wanakuja wanafunzi, shule nzima. Siwezi kukulindia."

Baba alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, kofia mkononi. "Twende, mama," alisema. "Tusingoje kuona."

Mama alitikisa kichwa. Akakunja mkono wa gauni.

"Basi wasiwe wao wa kukifuta."

Akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo. Udongo ulikuwa baridi. Kwa kitambo aliuhisi ule mpindo wa kidole chini ya kidole chake, akatamani dunia isimame hapo. Kisha akabonyeza kwa nguvu zake zote, huku akilia kwa sauti, mpaka hakikusalia kitu cha kuhisi.

Mlinzi akamnyooshea kitambaa cha kujifutia. Mama hakukipokea. Aliufumba mkono na udongo wake, akatoka nao hivyo hivyo mpaka barabarani, baba akimfungulia milango.