Safari ya Tonton Éliézer

— Dix-huit sur vingt! Juu ya ma points ya masomo njo ulituuza!

Papa alipiga mukono pa meza, chai ya Tonton Éliézer ikamwangika.

— Papa, sikuwaza kama…

— Hukuwaza nini? Maneno ya matanga inabakia ku matanga! Hata mutoto muchanga anajua!

Bon, ni kweli. Ku matanga moja kule Evere, huku kwa bazungu, Tonton alinisemea kitu ya wakati ya vita kwetu. "Ni ya hapa tu, unasikia?" Nikasema oui, tonton.

Lakini nilikuwa na exposé ya mwisho ya Kiingereza, kusema mbele ya darasa: unachagua neno moja, unaeleza ilitoka wapi. Nikachagua safari. Nikabaambia kwetu ni kuenda mbali tu, hata kuenda kusalimia shangazi. Bazungu bakaichukua, ikakuwa kuenda kuua tembo. Leo ni ya ba touristes na ba photos. Professeur alifurahi. Alors, juu imalizike na nguvu, nikatia habari ya Tonton: wakati ya vita basoda balimwambia "tunaenda safari," kumbe ni kuua viboko, na yeye akabaonesha njia ya banyama hao ku lac, ziwa ya parc. Ilikuwa Noël, siku ya kuzaliwa Yesu. Garde mumoja, mulinzi wa banyama ya parc, akapigwa risasi, akakufa.

Mignonne, tunasoma naye, alikuwa premier banc, mbele kabisa. Kanisa yetu yote inajua babu yake alikuwa garde, balimuua Noël, ku lac. Mi pia nilijua. Akasimama, akatoka. Nilimuona. Nikaendelea kusoma, juu ilibakia dakika moja.

— Dimanche utaenda kwa Maman Kasoki, mama ya Mignonne, Papa akasema. Utamwambia ulitunga, juu ya ma points.

— Nimudanganye? Baba yake njo alikufa!

— Na huyu tonton yako? Miaka kumi anamusalimia kila dimanche! Unataka afukuzwe mu kanisa?

Tonton alikuwa anaangalia chai tu. Nikamuonesha téléphone. Mignonne aliandika: "Maman anakungoja. Sasa hivi."

— Kasoki anaishi wapi siku hizi? Tonton akauliza, pole pole.

— Anderlecht, tonton. Métro cinq.

— Éliézer, ikala! Papa akalalamika.

Tonton akasimama, akachukua koti. Akaingiza mukono moja. Ya pili ikakataa, akatafuta, akatafuta. Akaikala tena na koti nusu.

— Tangulia, mutoto wangu.

— Nimuambie nini?

Akatafuta tena mukono ya koti. Nikavaa viatu, nikangoja kidogo pa mulango, labda Tonton atakuya.

Nikatoka peke yangu, nikafunga.