Namba Arobaini na Moja

Chuo chetu cha udaktari kinatimiza miaka tisini, na mimi, mtunza kumbukumbu wake, nimepewa kazi ya kuandika historia yake. Kwa maneno ya wazi, nimepewa kazi ya kuwavika waasisi kilemba cha ukoka. Mkuu wa chuo alitaka picha za wazungu wenye kaptula mbele ya hospitali, majina ya madaktari wa mwanzo, na sifa kochokocho. Nilikuwa nimeshajaza kurasa kumi na mbili nilipofungua sanduku la madaftari ya getini.

Shangazi yangu ana miaka themanini na minne. Tangu nikiwa mdogo anasimulia jambo lile lile: baba yake aliingia hospitali hii na kidonda cha mguu, asitoke tena, hai wala maiti. Tulimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Watu walisema babu alitoroka akaoa kwingine, na bibi alizikwa na aibu hiyo.

Daftari la mwaka aliolazwa babu lina mistari mitatu, mwandiko safi kabisa. Jumatatu: mwanamke na mtoto wa kike, wamemfuata mgonjwa wa mguu, wodi ya pili, si siku ya kuona wagonjwa, wamerudishwa. Jumanne, vivyo hivyo. Jumatano, vivyo hivyo, na mlinzi ameongeza: mwanamke analia. Siku ya kuona wagonjwa ilikuwa Jumapili tu.

Nikaenda kwenye daftari la maiti. Mgonjwa wa mguu, wodi ya pili, alikufa Jumatatu alfajiri. Sheria ilisema maiti isiyodaiwa na ndugu kwa siku tatu ni mali ya chuo. Alhamisi wakaandika: namba arobaini na moja, ndugu hakuna, mifupa ihifadhiwe. Ndugu hakuna! Na walikuwa getini, hatua mia mbili tu kutoka pale.

Namba hiyo tunaijua sote. Imeandikwa kwa wino mweusi kwenye fuvu la ile mifupa inayoning'inia darasani, ambayo wanafunzi wanaiita Mwalimu. Mitihani ikiisha wanaivalisha kofia. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga picha nayo, nimeishika bega, nacheka.

Nilimpeleka shangazi kwa mkuu wa chuo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemfuata baba nikamzike."

Mkuu alikuwa ameshaelezwa. "Mama, kila daktari wa nchi hii amejifunza kwake. Hiyo ni heshima kubwa."

"Heshima hiyo mpe baba yako, mwanangu. Wangu nipe mimi."

Mkuu akakohoa, akaleta habari za kamati, za fomu, na za muda wa kudai uliokwisha.

"Ulikwisha lini?"

"Baada ya siku tatu, mama. Ndiyo sheria ya wakati ule."

"Siku hizo tatu nilikuwa hapo nje. Nilikuwa na miaka sita. Nilichoka kusimama, mama akanibeba."

Mkuu akamwomba asubiri kwenye korido. Tulipobaki wawili, nikaweka nakala ya ile mistari mezani, nikamwambia itachapishwa kitabuni, ukurasa unaotangulia picha yake. Hakubishana. Aliandika kibali palepale, kwa sharti moja: mistari isichapishwe, na daftari libaki kwake. Nikampa. Mniite mnafiki mkipenda, nilimtaka babu yangu.

Stoo ya mifupa ina mzee mmoja, Fundi Mifupa, aliyeifanyia kazi miaka thelathini. Alimleta Mwalimu kutoka darasani, akamlaza taratibu juu ya meza. Shangazi akatandika shuka mpya. Fundi hakuanza kufunga. Alikuwa anajikuna shingo.

"Mama, nisamehe. Siwezi kukudanganya."

Akageuza mfupa mmoja mmoja tuone namba. Fuvu, arobaini na moja. Mkono wa kulia, kumi na saba. Nyonga, sitini na sita. Miguu, ishirini na tatu.

"Mfupa ukivunjika tunachukua wa mwingine kabatini. Ndivyo tulivyofundishwa. Humu kuna watu kama sita."

"Na mguu wa baba? Ule wa kidonda?"

"Huo haukufaa kufundishia, mama. Ulitupwa mapema."

Babu yangu alikuwa fuvu, mbavu chache na mkono wa kushoto. Shangazi aliushika ule mkono kama anaamkiana nao. Fundi alitaka kumwachia mifupa yote. Lakini kibali kilitaja namba moja tu, na mitihani ilikuwa Jumanne.

Shangazi alifunga shuka. Kifurushi kilikuwa kidogo, kinabebeka kwapani. Aliitazama mifupa iliyobaki mezani.

"Hawa nao walikuwa na watu wao getini," alisema.

"Naam, shangazi."

"Wewe ndiye unayeandika kitabu. Utawaandika?"

Nilimjibu ndiyo, wala sikumwambia kwamba daftari liko kwa mkuu. Akaniombea dua palepale, mkono wake kichwani kwangu, na mimi nikaitikia amina.