Vidole Viwili Juu ya Jiwe

Mimi nikitaka kitu nakitaka kikubwa, na sioni aibu kusema. Kwa hiyo nilipoziona zile tairi za inchi thelathini na tatu kwa Wahab, muuza tairi wa Kasese, zilizovuliwa gari moja la watalii kule Mweya, moyo wangu ulihama papo hapo. Jipu langu lilikuwa na tairi za inchi ishirini na nane, tena zimelika mpaka zimekuwa laini.

Si kwamba nilitaka pambo. Kijiji chetu kiko milimani, juu ya Bwera, na katikati ya njia kuna jiwe. Si la kuvunjwa kwa nyundo; ni mlima wenyewe umetoa goti. Tangu mvua ichimbe njia pande zote mbili, jipu hufika pale likalikalia jiwe kwa difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, magurudumu yakazunguka bure. Basi wagonjwa hubebwa kwa machela hadi ng'ambo ya chini ya jiwe. Dada yetu Kabugho alibebwa hivyo akiwa na uchungu wa kuzaa, akakata roho pale pale. Sasa mdogo wangu Ithungu alikuwa na mimba ya miezi minane, nami nilikuwa na wiki nne za kutafuta namna ya kulivusha jipu.

Stanislas, fundi wangu wa Bwera, mtu wa Butembo kule Kongo, ambaye tairi huiita pneu, alikataa hata kabla sijamaliza kuzitaja zile tairi.

"Hapana, mama Mbambu. Hii ekseli yako iko ile ya kiwanda. Pneu ya vile itaikata."

"Ekseli ni chuma, Stanislas."

"Ndiyo. Na chuma inakatikaka."

Nilichukia. Akanipa spana, akaniambia nikaze boliti kuukuu iliyokuwa kwenye meza yake. Nikakaza mpaka mkono ukauma. Boliti imetulia tu. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana. "Sasa sukuma kidogo." Nikasukuma kidogo, boliti ikakatika.

"Pneu kubwa iko kama hii bomba," akasema. "Tafuta ndogo yenye itatosha. Kwanza upime."

"Nipime nini?"

"Wewe njo unajua jiwe lako."

Swali hilo liliniganda kichwani njia nzima. Kesho yake, siku ya jua, nikasonga bundu, ule ugali wetu wa muhogo unaonata kama gundi, nikabandika tonge kubwa chini ya difu. Mama akapiga kelele kwamba nalisha gari. Nikatandika mbao za unene wa vidole vinne kwenye njia ya magurudumu, nikapita juu ya jiwe taratibu, kisha nikajilaza chali chini ya jipu. Bundu lilikuwa limebanwa, limebaki vidole viwili na nusu. Kumbe bila mbao nilikuwa nikikosa kidole kimoja na nusu tu! Nilicheka peke yangu pale vumbini. Mbao zenyewe zisingenifaa siku ya mvua. Huteleza pamoja na gari na wewe mwenyewe.

Stanislas akapiga hesabu kwa chaki. Tairi ikiongezeka inchi tatu, difu hupanda moja na nusu tu, maana nusu ya nyongeza iko juu ya ekseli. Hiyo ni kama vidole viwili. Thelathini na moja, basi, na ekseli ingevumilia nikienda polepole. Kisha akaiweka chaki chini.

"Jipu ilikuwa na batu bangapi?"

"Mimi tu."

"Na Ithungu ataenda kuzala yeye moja?"

Kwetu nani amewahi kwenda kuzaa peke yake? Nikarudi jiweni, nikapakia mama, shangazi wawili, godoro, sufuria, jiko, na gunia la kahawa badala ya Ithungu. Nikapita tena juu ya mbao na bundu jipya; tairi zikabonyea kwa uzito, likabaki kidole kimoja. Tungekosa vitatu, na vitatu ni zile tairi za Wahab pamoja na ekseli iliyokatika mlimani. Nikapakua vyote, nikaacha gunia peke yake. Vikabaki viwili na kidogo. Nikanunua za thelathini na moja.

Ithungu alishikwa na uchungu mchana wa Jumanne, mvua inamwagika. Jiweni nikasimama.

"Wote chini, na mizigo."

Shangazi wakashuka wakinung'unika. Mama hakutikisika.

"Kabugho nilimwachia mkono hapa," akasema, "nikasogea nijifunge kitenge vizuri. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Huyu simwachii."

Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mama akiwa peke yake na Ithungu. Huenda tungepita. Sikuthubutu kubahatisha. Nikateremsha kioo cha upande wa Ithungu.

"Mama, mshike kwa dirishani."

Alinitazama kwa hasira, halafu akashuka, akapitisha mkono. Nikaweka gia nzito. Kila alipoinua mguu nikakanyaga kidogo; alipoteleza nikasimama. Difu halikugusa.

"Panda sasa, mama," nikamwambia tulipofika upande wa pili.

Hakunisikia. Alikuwa akitembea mvuani, mkono dirishani, akizungumza na Ithungu kwa sauti ya chini, nami machozi yakinitoka nikaendesha kwa mwendo wa miguu yake.