Mwalimu Thobias Alinda Darasa

Mwalimu Thobias wa Katubuka alihudhuria semina ya siku mbili ya usalama mtandaoni, akarudi na cheti na kichwa kikubwa. "Kwangu mimi hapenyi hata sisimizi," aliwatambia walimu wenzake. Kila aliyetaka kuingia kwenye darasa lake la kemia la mtandaoni alisubiri kwanza nje, mpaka yeye mwenyewe abofye kumkubalia. Mtaalamu, bwana!

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Kemia ni Jumatatu. Wasiwasi wake ulikuwa kwa Yusra wa Ujiji, binti mwenye akili ila hesabu za moli zilikuwa zikimpiga chenga. Alisomea kwenye simu ya baba yake, Mzee Saad, na mzee alishasema: siku atakayosikia upuuzi humo, simu anachukua.

Saa nne asubuhi, wanafunzi wako ndani, akabisha mmoja aliyejiandika "Mzee Elikana". Semina ilisema usiyemjua mwache nje. Lakini Thobias kalelewa na bibi. Mtu mzima asimame mlangoni, wewe umekaa tu unamtazama? Si laana hiyo! Akabofya. "Shikamoo, mzee wangu. Karibu, jisikie uko nyumbani."

Mzee akajisikia yuko nyumbani. Muziki ukalipuka, yakafuata matusi ya nguoni, na kwenye kioo akatokea kijana kifua wazi anakata mauno. "Mzee, tafadhali!" akasihi Thobias, adabu bado anazo. Kwa pupa, akabofya kumtoa. Akamtoa Yusra. Na kwa mpangilio aliouweka mwenyewe kwa mbwembwe, aliyetolewa harudi tena. Jamani!

Akavunja kikao kizima. Akapiga simu ya Mzee Saad, haikupokelewa. Akapanda bodaboda mpaka Ujiji, akamkuta mzee barazani.

"Shikamoo, mzee. Kosa ni langu. Yule mhuni nilimkaribisha mimi."

"Marahaba. Na mwanangu?"

"Nilimfukuza."

"Kwa hiyo mwizi ndani, mwenye nyumba nje."

"Ndiyo, mzee."

Kicheko kikamtoka Mzee Saad. "Hicho cheti ulipewa au ulikiokota? Haya, ingia. Yusra! Leta daftari."

Wakaanza moli upya pale ukumbini. Mzee akavuta kiti, akakaa mlangoni. Akaja jirani kuazima kinu, akaambiwa arudi alasiri. Akaja kaka mkubwa wa mzee, kanzu na bakora. Mzee Saad akainuka. "Shikamoo, kaka." Akampisha kiti chake, akaagiza kahawa, wakapiga soga pale pale nje. Ndani hakumwingiza.

Thobias aliyaona yote kutoka ukumbini. Kumbe inawezekana! Haya zikamjaa, akainamia daftari, akaandika haraka haraka kama mtu wa maana.

"Mwalimu," Yusra akasema taratibu, "hapo umezidisha. Si tunagawanya?"

Wakagawanya.