Mihuri ya Nikaragua

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, watu wa nyumba ya Bi Masouda walipolala, Pelagia, mtumishi wao wa ndani, alipanda juu ya paa na beseni la nguo. Nyumba ilikuwa Azaiba, mtaa wa mji wa Uarabuni, ya ghorofa mbili, na paa lake tambarare lilibeba dishi la televisheni na matangi mawili ya maji. Alianika mashuka kwanza, kisha dishdasha, yaani kanzu za wanaume, soksi mwisho. Kibanio cha mwisho kikishabana, alipita katikati ya yale matangi, akatokea Nikaragua.

Ilianza mwezi wa tano mwaka 2005. Edith, Mkenya aliyefanya kazi nyumba ya pili, kila mara alikuwa ameshavuka ukuta mfupi wa paa, akimngoja, mgongoni begi la shule la mtoto wa mwajiri wake. Ndani mlikuwa na kanga mbili, mkate na chupa ya maji.

"Umechelewa, Pela."

"Soksi zilikuwa nyingi."

Dunia imejaa watu wazuri ambao huwezi kusafiri nao. Edith alifaa. Alikwenda mwendo wa Pelagia, akichoka alinyamaza badala ya kununa, na aliyeoga wa kwanza jana leo alioga wa pili bila mjadala. Kuna ndoa za miaka thelathini ambazo hazijafika hapo.

Siku tatu za kule zilikuwa sawa na muda wa mashuka kukauka Azaiba. Ikifika siku ya nne, njia yoyote waliyoishika iliwarudisha kwenye matangi. Walijaribu kubaki mara mbili, wakaacha.

Penye mgomba wa kwanza palikuwa na meza, na nyuma ya meza afisa wa uhamiaji mwenye masharubu. Siku ya kwanza aliomba pasipoti. Pelagia alimwambia yake imefungiwa kabatini kwa mwajiri, pamoja na dhahabu na udi. Ya Edith ilikuwa Wattaya, mtaa mwingine wa mji ule ule, kwenye sefu ya duka la magari la bosi wake. Afisa akaomba namba tu. Wanawake walioshikiwa pasipoti huzijua namba zao kwa moyo kama Salamu Maria, maana hujui siku utakayoulizwa. Edith alitaja ya uongo. Pelagia alilelewa na masista, akataja ya kweli. Afisa aliandika, akagonga mhuri juu ya meza tupu, akawakaribisha. Mezani hapakubaki alama.

"Sasa huo wino umeenda wapi?" Edith aliuliza.

"Shauri yake," Pelagia alijibu, wakaenda zao.

Kule kulikuwa na migomba, kahawa, na ziwa lisiloonekana ng'ambo yake. Pelagia alizaliwa Bukoba, kando ya ziwa la namna hiyo hiyo, na mama yake alikuwa huko, mgonjwa wa kitandani, miguu imevimba. Mkataba wa Pelagia ulisema miaka miwili ya kazi, kisha mwezi mmoja nyumbani. Miaka miwili ilitimia Agosti. Mama alituma salamu kwa simu ya Cyprian, kaka yake Pelagia: mwambieni nitamsubiri hadi Agosti, zaidi ya hapo siahidi.

Basi kila Ijumaa waliufuata ufuo wa ziwa, kwa sababu Pelagia alitumaini kwamba wakizunguka vya kutosha watatokea Bukoba. Edith alisoma jiografia hadi kidato cha nne na alijua hawatafika. Alisema tu, "Wacha tuende mbele kidogo." Siku moja Pelagia alipasua tunda la kahawa, buni moja akatafuna, ya pili akampa Edith. Kwao watu wakigawana hivyo wamekuwa ndugu. Edith alitafuna, akakunja uso, akasema undugu wa Wahaya ni mchungu.

Ijumaa ya mwisho ya Juni walichelewa. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshaanza Pelagia aliposhuka na mashuka, na Bi Masouda alikuwa amesimama chini ya ngazi, funguo mkononi.

"Tope la wapi hili?"

"La Nikaragua, Bi Masouda."

"Vua viatu hapo hapo. Usinitilie tope kwenye marumaru."

Akaenda kuswali. Pelagia hakulala wiki nzima, ila Ijumaa ilipofika alipanda tena. Lile ziwa lilikuwa limeshamwingia.

Mwisho wa Julai Bi Masouda alifungua kabati ili atoe pasipoti ya kukatia tiketi. Aliifunua ukurasa baada ya ukurasa, akavaa miwani, akamwita Pelagia akae.

"Mihuri ya Nikaragua. Ijumaa kumi na moja, kila safari siku tatu. Thelathini na tatu. Likizo yako thelathini, mwanangu. Ushakwenda."

"Lakini siku hizo nilikuwa hapa hapa. Nilikupikia."

"Nnajua. Na mkate wa kumimina wa Jumamosi ile ulikuwa mzuri, wallahi. Lakini mhuri ni mhuri. Mtembezi hula miguu yake."

"Mama yangu anakufa, Bi Masouda."

"Mungu amponye. Zile tatu za ziada nnakusamehe."

Akageuza ufunguo. Pelagia alikwenda jikoni, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Alimchukia mwanamke yule, na chai ya saa kumi ilimngoja.

"Huo ni wizi," Edith alisema Ijumaa iliyofuata. Hawakusafiri siku hiyo. Walikaa kwenye kivuli cha matangi mpaka nguo zikakauka.

Mama alisubiri Agosti yote. Cyprian alipiga simu tarehe mbili Septemba, Ijumaa asubuhi, na mchana Pelagia alipanda na beseni kama kawaida. Edith alimshika mkono, wakapita. Afisa aliomba namba. Edith alimnong'oneza ataje yoyote, lakini kichwani mwa Pelagia hamkuwa na namba nyingine, akaitaja ile ile. Ufuoni alipasua tunda la kahawa, buni moja akatafuna, ya pili akaitia majini.

Chini, Bi Masouda alikuwa ameamka mapema. Habari ya msiba ilimgusa kwa kweli, akafungua kabati atoe udi wa kumfukizia marehemu wa watu. Hapo akaiona pasipoti, akaifunua, akaandika siku tatu za kukatwa kwenye likizo ya mwaka 2007. Wino wa mhuri ulikuwa bado mbichi, kwa hivyo aliiacha wazi juu ya sanduku la dhahabu ipate hewa, na udi ulipokwisha kuungua akarudi kufunga.