Mwenyekiti Obare na Pampu Yake

Dorine alikuwa anakata picha za pasipoti za mwalimu mmoja, mkasi ukiwa umefika sikio la kushoto, mwenyekiti Obare alipoingia studio yake pale Suna na kusema anataka zile za kidoli. Hakuwa wa kwanza. Mwaka huo nusu ya Migori ilikuwa imegeuzwa vidoli: programu ya simu inachukua sura yako, inakufanya mwanasesere anayeng'aa, inakusimamisha ndani ya kasha la plastiki kama umetoka supamaketi, na pembeni inakupangia vifaa vyako. Nesi na sindano yake, mtu wa boda na helmeti yake. Dorine alimweleza kama alivyowaeleza wote kwamba kidoli cha kuwekwa kumbukumbu hakifunguliwi. Ukipasua plastiki tu, thamani imekwisha.

Obare alikuwa mwenyekiti wa kisima cha Ogwedhi, na Ogwedhi ndiko alikozaliwa Dorine. Pampu ya kisima hicho iliondoka Februari. Mwenyekiti alisema imepelekwa Kisii kutengenezwa, na kila aliyeuliza aliambiwa fundi ni mtu wa pole pole. Tangu hapo Phelesia, mama yake Dorine, na nyonga yake mbovu, alikuwa akishuka mtoni mara mbili kwa siku. Mara moja alianguka kwenye mteremko na kulala pale pale mpaka wachungaji walipompitia. Simu ya kutoka nyumbani ikilia, Dorine alikuwa anaogopa kuishika.

Obare aliagiza Biblia na fimbo. Dorine akaandika Biblia na fimbo. Picha ikatoka: Obare mdogo, suti ya kaki, hata kipara kimeng'aa sawasawa, na mahali pa Biblia pana pampu ya buluu yenye tope shingoni na namba ya mradi wa kisima kwa rangi nyeupe. Akarudia. Pampu ikatoka na waya wake. Akarudia tena, ikatoka na paneli mbili za sola, na safari hii kidoli kilikuwa kimeangalia pembeni. Dorine alimwambia mzee kwamba Biblia imekataa.

Obare aliitazama picha kwa makini.

"Tumbo limetoka vizuri," alisema.

"Na hiyo pampu?"

"Hayo ni mapambo tu. Nifanyie kubwa, yenye fremu. Tutaitundika ofisi ya kisima siku ya soko."

Moyoni Dorine alikuwa anacheza ngoma. Wacha watu wajionee wenyewe. Aliichapisha ukubwa wa dirisha na kuisindikiza mwenyewe hadi Ogwedhi, asije mtu akaiacha njiani.

Siku ya soko watu walifunga ng'ombe wao wakaja kuangalia. Nyasuguta, mweka hazina, ambaye ndiye aliyeipaka pampu ile namba kwa mkono wake, aliisoma namba kwa sauti, na hakuna aliyebisha kwamba ndiyo yenyewe. Kabla mazungumzo hayajafika mbali, picha ikaanza kuvuja. Maji yalitoka kwenye bomba la ile pampu, yakapita chini ya fremu na kuteremka ukutani, safi, baridi. Phelesia, ambaye hapendi kuona maji yakipotea, alisogeza mtungi wake. Ukajaa. Watu wakaenda kuchukua mitungi yao, na swali la namba likabaki limekaa peke yake.

Dorine alisimama. Alisema kama maji yapo basi pampu ipo, na kama pampu ipo, plastiki ipasuliwe, itolewe, irudishwe kisimani leo leo. Mkasi anao.

Obare alikohoa taratibu.

"Huyu binti ndiye alinifundisha. Kidoli kikifunguliwa, thamani imekwisha. Halafu kumkata mtu aliye hai kwenye picha yake ya fremu, nyinyi mnajua ni kumtakia nini."

Walijua. Picha kubwa ya fremu hutangulia mbele ya jeneza, na hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyeanza. Nyasuguta alijitolea kukata ule upande wa pampu pekee. Wazee wakamuuliza, na mkono ukiteleza? Akakaa chini.

Basi ikaundwa kamati ya picha. Ilihitaji mwenyekiti anayeielewa picha kwa karibu, na pale mkutanoni hapakuwa na mtu anayefanana nayo kumshinda Obare. Akapita bila kupingwa. Alishukuru, akatia kufuli mlangoni, akatangaza maji ni Jumanne na Ijumaa. Dorine alikasirika, na watu wakampongeza kwa kazi nzuri.

Jumanne alitoka Suna mapema ili ambebee mama mtungi. Walikuwa wa tisa kwenye foleni. Kidoli kilikuwa kimebadilisha mkao tangu siku ya soko: sasa kilikuwa kimeikalia pampu, miguu inaning'inia. Mtungi wa nane ulipojaa, kilishusha mguu mmoja, kikakanyaga bomba, na maji yakakatika. Obare alisema picha nayo huchoka, warudi Ijumaa. Akaanza kutafuta funguo mfukoni.

"Asante, mwenyekiti," Phelesia alisema, na akainama kidogo kama mtu aliyepewa.

Dorine alishindwa kuvumilia. Walipotoka nje alimuuliza, "Mama, unamshukuru kwa nini? Mtungi si mtupu?"

"Nashukuru ya Ijumaa," alisema Phelesia. Akakaza leso kiunoni, akashika njia ya mtoni, na Dorine akamfuata na mtungi.