Maneno ya Kujaribia Kibodi

Mume wangu Chérubin anafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Ni mtu ambaye ukimwomba maji ya kunywa, atakuchimbia kisima kwanza. Mimi nilimwomba kitu kidogo tu: aniandikie kilio cha mama yangu kabla mama hajafa.

Sisi ni Waholoholo, watu wa mto Lukuga. Katika ukoo wetu, mama akizikwa, binti yake wa kwanza husimama kando ya kaburi na kumlilia kwa maneno yake maalumu. Hutaja waliomzaa marehemu na mahali alipoishi, na mwisho humwonyesha njia ya kupita ili asipotee. Maneno hayo hayasemwi kwa Kiswahili. Mama aliyasema kwa bibi, bibi akayasema kwa mama yake. Binti wa kwanza ni mimi, na Kiholoholo changu ni cha kusalimia watu na kukataa chakula. Tulihamia mjini nikiwa bado mgongoni. Mtaani ni Kiswahili, shuleni ni Kifaransa, na lugha yake mama alikuwa akiongea na sufuria zake; hata ndugu zake wa Lukuga wakija kumtembelea walimjibu kwa Kiswahili. Sasa alikuwa amelala chumba cha nyuma, miguu imevimba, na daktari alikwisha kutuambia tukae naye nyumbani.

Nilianza na simu. Niliisogeza mdomoni mwake ili nimrekodi, akaisukuma.

"Miye nitakuwa chini ya udongo, na sauti yangu itakuwa inatembea kwa manyumba ya watu," alisema. "Hapana. Andika."

"Basi sema, Mama. Nina kalamu hapa."

"Utaandika vile unasikia, na wewe hausikie muzuri. Kisha utasoma vibaya mbele ya watu. Ile maneno inasemwaka mara moja, juu ya mufu. Kuirudilia-rudilia njo kuita kifo. Mukwe yangu atengeneze kwanza mashini yake, halafu nitasema."

Alikuwa na haki. Katika lugha yake sauti hupanda na kushuka, na ukiishusha pasipotakiwa umesema jambo jingine kabisa. Kwa hiyo zilihitajika alama za juu ya herufi, na kompyuta yetu haikuwa nazo. Tuliinunua ikiwa imetumika, kwa wafanyabiashara wa Kigoma, herufi zimepangwa Kiingereza. Chérubin, aliyezoea mpangilio wa Kifaransa, alikuwa ameshabandika vikaratasi juu ya vitufe. Sasa alitaka kibodi tatu ndani ya kibodi moja: Kifaransa cha kazi ya shule, Kiswahili, na Kiholoholo. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unahama kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Alifungua orodha ya lugha ndani ya kompyuta. Ni ndefu ajabu, ina lugha za visiwa ambavyo sijui viko bahari gani. Kiholoholo hakimo.

"Haizuru," alisema. "Nitakitengeneza miye mwenyewe." Niliona macho yake yanang'aa, nami mjinga nikafurahi.

Tatizo la kwanza lilikuwa heshima. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Chérubin ni Mtabwa, na kwao ni hivyohivyo. Tangu mama aje kukaa kwetu, mume wangu alikuwa akikohoa uani kabla ya kuingia nyumbani mwake mwenyewe, naye mama akisikia anajifunika kitenge kichwani. Basi tulitundika kitenge mlangoni. Chérubin alikaa sebuleni na kompyuta, mama kitandani, na mimi katikati nikipeleka na kuleta. Sauti ya mama ilikuwa imeshapungua, haikufika sebuleni. Kila neno lilipita mdomoni mwangu, na mdomo wangu ndio huo ambao mama hakuuamini.

"Mwambie Mama aseme samaki," Chérubin angesema.

Mama anasema samaki. Narudia kwa sauti. Chérubin anaweka alama, anasoma alichoandika, narudisha ndani. Mama anatikisa kichwa. Tunaanza upya. Tulipomaliza samaki tukaingia moto, kisha jivu, mlango, mchi, njoo, kaa. Alama iliyotii jana, leo haitokei. Umeme ukikatika tunangoja. Ukirudi, kibodi imerudi Kifaransa yenyewe, na vikaratasi vinadanganya, ukibonyeza hiki kinatoka kile.

Nilimwambia mume wangu, "Papa, inatosha. Tuandike vile iko."

"Tukiandika na makosa, makosa njo itabakia," alinijibu bila kuinua kichwa. "Watu watakuja kuamini ni vile. Ngoja kidogo."

Nilitaka kuibeba ile kompyuta nikaitupe ziwani. Nilimchukia mume wangu kwa uangalifu wake, nilimchukia mama kwa ukaidi wake, na zaidi niliyachukia masikio yangu. Chakula alichokuwa akila mama kilipungua hadi kikawa uji, na uji ukawa vijiko. Lakini utani haukumtoka.

"Mukwe yangu angali anatengeneza?" aliniuliza. "Mashua gani hiyo? Itavuka kweli, ao ni ya kuangalia tu?"

Hatimaye, asubuhi moja, Chérubin aliniita. Pembeni mwa kioo cha kompyuta palikuwa na herufi mbili mpya, KH. Alibonyeza, akaandika maneno yote tuliyokuwa tukijaribia, na kila alama ilikaa mahali pake. Alicheka peke yake. Nilisimama kwenye kitenge nikayasoma jinsi yalivyoandikwa, kupanda na kushuka. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Njo vile," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia kwamba ndivyo. "Kesho nitasema kilio. Leo niko nachoka."

Sikumlazimisha. Ungemlazimishaje mtu aliyechoka vile?

Kesho yake aliamka hana ulimi. Macho yalinitambua, mkono ulinishika, ila mdomo ulitoa pumzi tu. Chérubin alikaa sebuleni mchana kutwa, kompyuta imewashwa, ukurasa mweupe umefunguliwa, vidole juu ya vitufe. Nilipopiga yowe jioni, alisahau heshima. Alipasua kitenge kwa bega akaingia, akauona uso wa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alisimama pale mikono imelegea.

Tulizika siku iliyofuata. Watu walikuwa wengi: majirani wa mtaa wetu wa Kataki, wanawake wa soko la samaki, ndugu wa ukoo waliotoka kandokando ya Lukuga. Mjomba Kizito, mdogo wa mama na mkubwa wa ukoo sasa, aliinua fimbo yake.

"Binti wa kwanza asimame," alisema.

Nilisimama. Chérubin aliniwekea karatasi mkononi bila kunitazama. Aliichapa alfajiri. Ilikuwa na kila kitu tulichonacho cha lugha ya mama, na alama zote zilikuwa sawa.

Ningeweza kunyamaza. Lakini kumzika mama kimya mbele ya ukoo kungekuwa kumtupa. Nikasoma, kwa Kiholoholo. Samaki. Moto. Jivu. Mlango. Mchi. Nilipandisha palipotakiwa kupanda, nikashusha palipotakiwa kushuka, jinsi alivyonikubalia. Wanawake wakaanza kulia. Nilisoma njoo, nikasoma kaa, na hapo karatasi ikaisha. Sikumtajia waliomzaa. Sikumwonyesha njia.

Kisha nikangoja. Nilimtazama mjomba, nikawatazama wazee wa Lukuga mmoja mmoja. Mungu anajua nilivyotamani hata mmoja anifokee, aseme huyu mtoto ana wazimu, anamsomea mama yake samaki na mchi. Walikuwa wakifuta machozi. Udongo ukaanza kumwagwa.

Watu walipotawanyika, mjomba Kizito alikuja akanishika mikono yote miwili.

"Niliogopa ile maneno imepotea," alisema. "Tangu bibi yako afe sijaisikia. Umemulilia mama yako muzuri, mutoto wangu. Na miye siku yangu ikifika, uje unililie vilevile."

Chérubin alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, akitaka kusema, kisha akaiacha.

"Ndiyo, Mjomba," nikasema.